Jibu la Mzee wa Tarumbeta

Mimi si mtu wa kushangazwa. Niliingia Johannesburg mwaka wa ule uchaguzi wa kwanza wa watu wote, na darasa la tano langu na begi moja, nikalala chini ya magari niliyokuwa nikiyatengeneza mtaa wa Bertrams, na miaka minne haijaisha nilikuwa na gereji yangu na basi la viti arobaini. Nimeshaona mtu akiibiwa injini huku amekaa ndani ya gari anakula. Kwa hiyo wazee wa bendi walipokuja kukodi basi, nikasema hawa hawana jipya.

Walikuwa kumi na sita. Enzi za ujana wao walipiga swingi, ule muziki wa bendi kubwa wenye safu ya tarumbeta, safu ya tromboni na safu ya saksafoni, watu na suti zao wanacheza mpaka sakafu inalia. Wengine walikimbilia uhamishoni, wengine walibaki. Sasa nchi imefunguka, wamekusanyika tena, kila Jumapili wanazunguka miji ya jirani. Kiongozi wao hakujua kupiga hata filimbi. Alikuwa mchekeshaji mwembamba, koti lake lingewatosha watu wawili, na kijiti cha kuongozea bendi alijikunia mgongo. Alipojikwaa makusudi, ala zote za shaba zililipuka pamoja. Nilisisimka mwili mzima, sifichi.

Niliwapa basi kwa randi mia nane tu kwa sababu ya mpiga tarumbeta wa kwanza. Mzee huyo aliishi Morogoro miaka yote ya uhamishoni, akaoa huko, akarudi na mke Mtanzania na binti mwenye Kiswahili kitamu. Mimi na binti tulikuwa tumeshaelewana. Baba mtu ndiye aliyekuwa hajaelewa. Kila nilipomwomba jibu la posa ndani ya basi alisema, "Kijana, tazama barabara."

Jumapili moja tulikuwa mji wa Springs, kwenye ukumbi wa kanisa. Katikati ya onyesho mchekeshaji akaweka meza mbele ya jukwaa, na sahani juu yake. Ni desturi yao ya zamani: anayelipa anaamuru, na asiyeipenda amri analipa zaidi kuifuta. Pesa hairudi, ni ya bendi. Mama mmoja akalipa randi tano mpiga dramu avue kofia. Mke wa mpiga dramu akalipa sita asivue, maana anajua kilichomo. Ukumbi ukavunjika mbavu.

Ndipo akainuka Mkenya mmoja wa benki, mkazi wa Midrand, tai shingoni. Naye alikuwa akimtaka binti huyohuyo.

"Ishirini," akasema. "Dereva atoke akalinde basi."

"Dereva!" mchekeshaji akapiga kelele. "Basi linakuita! Linalia!"

Nikaenda mezani na mia nane yangu, kodi ya basi niliyolipwa asubuhi. "Thelathini, nabaki. Na mia nyingine hii hapa: mzee wa tarumbeta anijibu mbele ya watu, nimuoe binti yake au nisimuoe."

Weee! Watu wakapanda juu ya viti.

"Mia na hamsini, asijibu," akasema wa benki.

"Mia mbili, ajibu!"

"Mia mbili na hamsini."

"Mia tatu!"

Kila noti ilipogusa sahani, mchekeshaji aliinusa, akaanguka chali, na bendi ikapiga mshindo mmoja. "Eish, dereva! Mahari ya kwetu ni ng'ombe. Wewe unalipia mdomo tu wa baba mkwe!"

"Mia tatu na hamsini," akasema wa benki, taratibu, kama anayetia saini.

Nikapapasa mfuko. Zimebaki mia na sabini. Nikaweka ufunguo wa basi kwenye sahani.

"Ondoa! Hapa tunakula noti, hatuli matairi." Mchekeshaji akainua kijiti kuhesabu; akifika tatu, mzee amefungwa mdomo. "Moja! Mbili!"

Binti akaja mbio kutoka viti vya nyuma, viatu mkononi. "Una shilingi ngapi?" Hata randi aliziita shilingi.

"Mia na sabini. Na sarafu hizi za maegesho."

"Lete zote."

Sarafu zilikuwa kumi na mbili na nusu. Akaongeza mia mbili za kwake, akazimwaga kwenye sahani, akaligeukia jukwaa. "Baba ajibu. Na kama mdomo ni mzito, ajibu kwa tarumbeta."

Tukamtazama wa benki. Pochi ilikuwa wazi mkononi. Akamwangalia yule binti, akaifunga. "Mwenyewe ameshasema," akasema, akakaa.

Mzee akasimama, akafuta tarumbeta kwa leso. Kisha akapiga, polepole, ule wimbo ambao akina mama wa Morogoro huuimba wakimtoa bibi harusi nje. Mkewe akaruka na vigelegele. Mchekeshaji akarusha kijiti juu, na bendi nzima ikaudaka wimbo ule kwa swingi, shaba zinaunguruma, ukumbi mzima tunacheza, na wa benki yumo! Nilishangaa. Haya, nimesema.

Mzee akashuka, jasho linamtiririka. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Basi tazama barabara."

Mahari tulikaa na wajomba baadaye, hiyo ni habari ya ng'ombe. Lakini lile jibu la tarumbeta, pamoja na zile nilizomkopesha mke wangu pale aliposema "lete zote", ambazo mpaka leo hajarudisha, lilikula kodi yote ya basi na sarafu zangu za maegesho: randi mia nane na kumi na mbili na senti hamsini.