Nilimtetea bibi anayeitwa mchawi, sasa baba anataka nimkane

Shikamooni wakubwa zangu. Admin, nifichie jina, maana huku kwetu simu moja inasomwa na watu wengi. Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, nipo kidato cha tatu, naishi kijijini upande wa Didia. Baba anachimba dhahabu Bugarama, nyumbani anakuja mara mojamoja.

Mwezi uliopita tulimpoteza Shija, mtoto wa baba yangu mdogo. Nimembeba mgongoni tangu hajajua kutembea. Alishikwa na homa, akawa anapewa dawa za mizizi nyumbani, na alipofikishwa zahanati degedege lilikuwa limeshaanza. Hakurudi.

Matanga hayajaisha, watu wakaanza kusema mtoto amelogwa. Wakaitwa lambalamba, wale waganga wanaozunguka vijijini kutafuta wachawi. Wakaenda moja kwa moja kwa jirani yetu, nitamwita Bibi Kabula, mjane asiye na mtoto, wakasema ndiye. Bibi huyu ndiye aliyekuwa akitupa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, tukitoka shule, mama akiwa bado shamba.

Ukaitishwa mkutano. Vijana walikuja na fimbo. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno kabla bibi hajafukuzwa. Nilimtazama mama, akainamisha macho. Nikasimama, nikasema, "Shija ameuawa na homa. Nilikuwepo. Kumwadhibu mtu kwa kosa ambalo hakulifanya ni dhambi, hata kama tunaumia." Mzee mmoja akaniambia nikae, mkutano si wa watoto. Sikukaa. Rafiki yangu ninayesoma naye akaja kusimama pembeni yangu, akanishika mkono. Mwenyekiti alipoona hivyo akaahirisha mkutano.

Nilijua nimefanya jema. Lakini jioni ile mama mdogo, mama yake Shija, alinifuata jikoni. Hakugomba. Alisema taratibu, "Umemchagua aliyemuua mwanangu. Au ulitaka watu wajue nilichelewa kumpeleka zahanati?" Sikuwa nimewaza kwamba maneno yangu yatamwangukia yeye. Nilitaka kumshika, akaondoka. Mpaka leo hanisemeshi.

Baba alipopata habari akarudi. Ameniambia kwenye mkutano ujao nisimame niseme Bibi Kabula ndiye aliyenituma, niombe radhi mbele ya ukoo. Nisipofanya hivyo shule basi, nitaenda naye machimboni kupikia wachimbaji. Mama amenong'ona kwamba na yeye anaamini bibi hana hatia. Nilipomwomba aseme mbele ya baba, akaendelea kupepeta mchele.

Kinachonimaliza ni bibi mwenyewe. Siku hizi kisimani watu wanampisha kama ana ugonjwa. Juzi aliniita uani kwake akasema, "Mayu, mama yangu, waambie wanachotaka. Mimi nimezeeka, wewe soma." Nililia palepale uani.

Nikisema uongo huo, vijana wa fimbo watapata ruhusa, na huku kwetu tunajua vikongwe hufanywa nini. Nikikataa, nimeachana na shule na baba yangu. Na hata nikiwa upande wa haki, mama mdogo bado anaumia kwa kinywa changu.

Mkutano ni Jumamosi. Wazazi mnaosoma hapa, angekuwa binti yenu mngemwambia asimame aseme nini? Na kwa mama aliyefiwa, niende na maneno gani?