Nimekataa Kuomba Msamaha kwa Insha ya Mwanafunzi Wangu

Kosa wanalofanya wazazi wengi ni kudhani kwamba kijana aliyefundishwa kujenga hoja amefundishwa kukosa adabu. Mimi nasema asiye na hoja ndiye hukimbilia matusi, maana hana kingine mkononi. Admin, nifichie jina, lakini maneno yangu usiyapunguze.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na minane. Nilizaliwa upande wa Nyamache, nikaolewa Nyamira, na nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari maisha yangu yote ya kazi. Mliosoma huku mnajua insha zetu zilivyo. Mwanafunzi anakariri utangulizi mmoja, jua linachomoza, ndege wanaimba, methali tatu zinafuatana, kisha anaubandika juu ya mada yoyote, iwe ufisadi au harusi. Karatasi inapendeza, lakini ukitafuta mwandishi anaamini nini, humwoni. Mimi utangulizi huo naukata kwa kalamu nyekundu.

Njia yangu ni hii. Kwanza mwanafunzi aandike sababu za yule asiyekubaliana naye, aziandike vizuri hadi mpinzani huyo akizisoma aseme, naam, hivyo ndivyo ninavyofikiri. Baadaye ndipo ajibu. Na kila dai lisilo na ushahidi naliandikia pembeni: Umejuaje? Wanafunzi wanalichukia neno hilo. Wamenipa jina, Mama Umejuaje, na wakidhani siwasikii huniigiza hata kwenye foleni ya githeri, mahindi na maharagwe ya mchana.

Muhula huu niliwapa kidato cha tatu mada: Je, binti apewe sehemu ya shamba la babake? Huku kwetu hilo si jambo la mzaha. Mashamba yamegawanywa na kugawanywa tena, hadi ndugu wawili wa tumbo moja wanagombania mstari wa migomba.

Msichana mmoja, nitamwita Kerubo, aliandika kurasa nne. Katika mbili za kwanza alimtetea babake kuliko babake angeweza kujitetea: kwamba ardhi haizai ardhi, kwamba binti ana kwake anakoolewa, kwamba mwana wa kiume ndiye anayebaki na wazee wanapougua. Kisha akajibu. Alieleza kwamba shangazi yake alirudi nyumbani ndoa ilipovunjika, analala katika jiko la marehemu nyanya, anachuma majani chai kila asubuhi, na majani hayo yanapimwa kituoni kwa namba ya kaka yake, babake Kerubo, ambaye ndiye anayelipwa. "Tusiseme binti hana kazi na shamba," akaandika. "Tuseme kazi anayo, shamba ndilo hana."

Nilimwita nikamwuliza kama shangazi anajua ameandikwa. Akasema alimsomea insha yote, na habari ya namba ya kituoni ni shangazi mwenyewe aliyetaka iongezwe. Nikampa alama ya juu kuliko wote darasani.

Likizo fupi ilipofika, kaka yake Kerubo aliikuta insha hiyo, akawasomea jamaa waliokusanyika nyumbani. Alianzia pale pa shangazi. Shule zilipofunguliwa tu, babake alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, amevaa suti ya kanisani. Ni mzee wa kanisa, mtu anayeheshimika, na hakupaza sauti hata mara moja. Alisema nimemfundisha mtoto kuianika nyumba yake. Nikamwuliza kama amesoma kurasa mbili za kwanza. Akasema hana haja ya kusoma, ameshasikia.

"Mwalimu, wewe mwenyewe umeolewa hapa," akaniambia. "Shamba la babako kule Nyamache unalilima lini?"

"Hiyo ni hoja, Baba Kerubo," nikamjibu. "Ni ya kwanza tangu uketi. Sasa tunaweza kuzungumza."

Mwalimu mkuu alikohoa kuficha kicheko, lakini mzee hakucheka. Akatoa sharti. Ijumaa hii kuna mkutano wa wazazi. Nisimame pale niseme insha ile ilikuwa kosa langu. Nisipofanya hivyo, Kerubo atatolewa shuleni, apelekwe kwa baba yake mdogo kule Mosocho akauze dukani mpaka apate adabu.

Tangu hapo mwalimu mkuu ananisihi. Anasema ni maneno mawili tu, yatasahaulika kabla ya soda kuisha, na mimi nimebakiza muda mfupi nistaafu, ya nini kujitafutia vita. Hata mume wangu, ambaye hajawahi kunishinda kwa hoja, ameniambia safari hii ninyamaze.

Nilikaribia kukubali, kwa ajili ya mtoto. Kisha Kerubo mwenyewe akaja katika chumba cha walimu, akasimama mbele ya meza yangu bila kulia.

"Mwalimu, ukisema nilikosea, wataniuliza nilidanganya wapi. Nitawaonyesha wapi?"

Nimeisoma insha ile upya, mstari kwa mstari, nikitafuta pa kumwonyesha. Sijapaona.

Kwa hiyo siombi msamaha. Insha sitaisoma mkutanoni, maana nyumba ya mtu si yangu kuizungusha mbele ya umati. Lakini nitasema wazi kwamba ni kazi bora na kwamba mada ile itabaki darasani kwangu. Babake nimempelekea ujumbe: kama sababu za binti yake ni mbovu, aandike jibu, nami nitalisahihisha kwa kalamu ile ile. Hajajibu.

Kinachoninyima raha ni kwamba nikishikilia msimamo, anayelipa ni msichana wa kidato cha tatu, si mimi. Msinishauri kuinama, hilo limepita. Nielekezeni, hasa ninyi wazazi na walimu mliowahi kukwama hapa: nitambakizaje Kerubo darasani bila yeye wala mimi kukana lililo kweli?

Na wewe mwenye mtoto shuleni, leo mwambie akuletee insha yake, uketi, uisome yote kabla ya kusema neno.