Dawa Isiyoonjwa

Kila Ramadhani ikiandama, Bi Fakhriya wa Jadida husikia mwiko ukikwangua sufuria uani. Huenda akatazama. Sufuria imefunikwa, jiko limezimwa, mwiko umetundikwa pale pale ukutani. Hurudi ndani akijua ni marehemu mama yake, na humwogopa, yeye aliyemlea.

Ujanani Fakhriya alifanya usafi hospitali, kwenye wodi ya madaktari wa Kichina. Mmoja wao, mwenye Kiswahili cha kubahatisha, alimsimulia kitabu cha kwao cha miti shamba, cha miaka kama elfu mbili. Asili yake, wenyewe husimulia, ni mfalme wa kale aliyeonja kila jani ajue lipi linaponya na lipi linaua. Dawa zimepangwa madaraja matatu, na la mwisho ndilo lenye sumu nyingi. Kitabu hicho kikazaa vitabu vingine, waganga wa nchi jirani wakavifuata, na hata karafuu zikapata ukurasa humo.

Mama yake, Bi Samiha, alikuwa mganga wa miti shamba. Aliposikia habari hiyo alicheka.

"Mfalme huyo katuiga sie. Mie nisichokionja hakimfikii mtu."

Na kweli, kijiko cha kwanza kilikuwa chake daima, isipokuwa Ramadhani ile moja. Maher, mtoto wa Fakhriya, alishikwa na tumbo. Bibi yake alichemsha mizizi alasiri, amefunga. Angeweza kugusisha ulimi na kutema, lakini ukali wa dawa huusikia ikishashuka tumboni, na kumeza hawezi. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa, mtoto analia, akanyweshwa mbio mbio kabla bibi hajaonja. Daku haikumkuta Maher hai. Watu walisema ni amri ya Mungu. Mwaka haukwisha, naye Bi Samiha akazikwa.

Fakhriya akarithi sufuria. Mwaka huu, katikati ya mfungo, bintiye Manar akashikwa na tumbo vile vile. Hospitali hataki kuisikia.

"Mama, nipikie mizizi tu, litapoa."

Mizizi yenyewe ilinunuliwa Wingwi, imeshakauka, na mizizi mikavu hufanana. Alasiri Fakhriya alikaa jikoni akikoroga. Mara akasikia ule mkwaruzo, nyuma yake, karibu kabisa. Mwiko alikuwa nao mkononi.

Akateka kijiko, akanywa.

"Fakhriya," alisema Bi Rumaitha, mama mkwe wa Manar, kutoka mlangoni. "Mchana kweupe, mwezi huu?"

"Funga nitailipa, dada. Maher nitamlipa na nini?"

Kabla Bi Rumaitha hajajibu, midomo ya Fakhriya ikaanza kufa ganzi. Akatapika, akaimwaga sufuria yote shimoni, akapiga kelele iitwe gari. Manar hakuulizwa tena. Hospitali walimkuta na kidole tumbo, wakampasua siku hiyo hiyo, na mama mtu akalazwa kitanda cha pili mpaka ganzi ikamtoka.

Waliporudi nyumbani Ramadhani ilikuwa bado haijaisha. Fakhriya alikaa uani akisubiri, na uani palikuwa kimya. Akaikwangua mwenyewe sufuria tupu kwa mwiko, akasikiliza. Hapakuwa na mtu. Alikuwa ameomba miaka yote sauti ile iondoke, na sasa alilia, maana sauti nyingine ya mama yake hakubakiwa nayo.