Tulimwaga oili kila Jumamosi, kumbe injini ilikuwa inakula pumba

Wakuu heshima kwenu, na kina dada mnaosoma kimya kimya humu nawasalimu pia.

Mimi jukwaa hili nalisoma siku nyingi, kuandika ndiyo naanza leo. Nitakayosema yametukuta wenyewe hapa Kakese, nje kidogo ya Mpanda mjini. Sijaongeza chumvi, na palipo na aibu yetu nitaiacha ilivyo.

Kabla hamjaniuliza: ndiyo, ni mwanamke, na ndiyo, injini naijua.

Nyumbani tuna mashine ya kukoboa mpunga. Inaendeshwa na injini ya lori ya dizeli, silinda nne, imefungwa kwenye zege. Aliyeianzisha ni mama yangu baada ya baba kufariki, na mimi ndiye naisimamia naye. Sisi wote tumesoma kwa mashine hiyo. Wanangu wanasoma kwa mashine hiyo.

Sasa mama alikuwa na sheria yake moja. Kila Jumamosi jioni injini ikizimwa, oili inamwagwa, inawekwa mpya. Anasema injini ni kama mtoto, haiendi Jumapili haijaoga.

Na majirani waliipenda hiyo sheria kuliko sisi. Oili chafu ndiyo dawa ya mchwa huku kwetu, watu wanapaka nguzo na mbao za kenchi. Ikifika Jumamosi jioni unawaona na vidumu vyao, wa kwanza kabisa Baba Paskali, ambaye nguzo za zizi lake zimepakwa hadi zinang'aa. Wamepanga foleni utafikiri sisi ni sheli.

Kigezo chetu kilikuwa rangi. Oili ikiwa nyeusi, imekufa. Wenye dizeli mnajua jinsi tulivyokuwa tunajidanganya, maana oili ya injini ya dizeli unaiweka asubuhi na jioni ni nyeusi tii.

Shida ilianza wakati mpunga uko karibu kuiva. Injini ikaanza kutoa moshi wa bluu. Ikawa katikati ya wiki unachomoa kijiti cha kupimia unakuta oili imeshuka, unaongeza. Mzigo ukiwa mkubwa inahema.

Hii injini ilishafunguliwa mara moja huko nyuma kwa gharama kubwa, na mama alikula kiapo mbele ya Fundi Deo, fundi wetu wa miaka yote, kwamba ikifunguliwa tena hailipii. Anaiuza chuma chakavu, anarudi kulima. Mama yangu akisema kitu, kimesemwa. Na msimu wa mavuno ukikupita mashine imelala, wateja wanapeleka mpunga mjini na hawarudi. Nilikuwa nalala na hofu, sitawaficha.

Fundi Deo akashauri tumwage oili mara mbili kwa wiki, na tuweke nzito zaidi. Baba Paskali alifurahi sana.

Hapo ndipo akaja shemeji yangu Elias, mume wa mdogo wangu. Ni fundi mitambo kwenye mgodi mmoja mkoa wa jirani. Walikuja kubatiza mtoto. Jumamosi hiyo akatukuta na karai letu la kukingia oili, akasimama anaangalia tu.

Kisha akaniuliza, “Shemeji, hiyo oili mnayoimwaga mmeshaiuliza inaumwa nini?”

Nikamwambia oili haina mdomo. Akacheka, akasema huko kwao oili ina mdomo kuliko mimi. Hawamwagi kwa rangi wala kwa siku ya wiki. Wanachota kidogo, wanapeleka maabara, ndiyo hiyo wanaita oil analysis. Maabara inakwambia kama oili bado ina nguvu, kama kuna maji au dizeli imeingia, na ni chuma gani kinasagika humo ndani. Kwa majibu hayo ndiyo unaamua umwage lini.

Mama alikuwa amekaa hatua chache pale, anachambua mchele. Hapa niwape mila ya kwetu. Mkwe wa kiume hambishii mama mkwe usoni. Hata kusogeleana hawasogeleani ovyo. Lakini mimi shemeji yake tunataniana bila mipaka. Kwa hiyo nikawa posta.

Elias ananiambia mimi, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, “Shemeji, mwambie mama kumwaga kila wiki ni kama kufua nguo za mtoto ambaye bado anacheza kwenye tope. Tukatafute tope liko wapi.”

Mama naye, bila kuinua uso kwenye ungo, “Mwambie mkwe wangu oili ni yangu na Jumamosi ni yangu.”

Nilitamani kucheka lakini nikajizuia. Mwisho mama akakubali kwa njia yake, akasema kama ni kachupa tu wachukue.

Elias aliondoka alfajiri ya Jumatatu, akatuachia namba za maabara moja ya Dar na maelekezo ya kutuma. Sasa sikilizeni tulivyofanya.

Kwetu huwezi kupeleka kitu mjini kwenye chombo kichafu. Ni dharau. Mama mwenyewe, pamoja na ubishi wake wote, alichukua ile chupa akaisugua kwa sabuni ya unga, akaisuuza, ikang'aa. Nikaijaza oili kutoka kwenye karai, nikaifunga vizuri, ikapanda basi. Tuliona tumejitahidi kweli kweli.

Majibu yakaja kwenye simu. Oili ina maji. Na ndani ya maji kuna chumvichumvi ambazo mara nyingi hutoka kwenye maji ya rejeta.

Wakuu, nilikaa chini. Maji ya rejeta kwenye oili maana yake gasketi ya silinda hedi imeungua, au hedi yenyewe imepasuka. Fundi Deo akaja na spana zake asubuhi hiyo hiyo, akasema hapa hakuna namna, tunafungua. Mama akasikia neno kufungua. Aliingia ndani akabadilisha kitenge, akasema anakwenda mjini kuulizia bei ya chuma chakavu.

Nikampigia Elias nalia. Akanisikiliza, halafu akauliza swali ambalo sitalisahau: chupa mliiosha na nini?

Nikamjibu kwa kujivuna kabisa kwamba mama aliiosha mwenyewe kwa sabuni.

Nikasikia anajizuia kucheka. Akasema hayo maji ni ya kwenye chupa, na hizo chumvi ni za sabuni. Na karai nalo ni la kufanyia kila kitu. Chukueni chupa mpya kavu, wala msiioshe. Injini ifanye kazi hadi ichemke, izime, fungueni nati ya chini ya kumwagia, acheni oili ya kwanza ipite, kingeni ya katikati.

Nikatoka mbio nikamkuta mama bado anasubiri bodaboda pale barabarani. Nikamwambia tu, mama, heshima yako ndiyo imetuponza. Nikamweleza. Akarudi ndani akavaa nguo za kazi. Hakuzungumzia tena chuma chakavu siku hiyo.

Sampuli ya pili ikaenda. Safari hii mbali na ripoti, nilipigiwa simu na binti wa maabara. Hakuwa na lazima ya kupiga. Angeweza kutuma karatasi yake na kuendelea na kazi.

Akaniambia hakuna tone la maji. Oili yenyewe bado ina nguvu, ingeweza kuendelea na kazi bila shida yoyote. Ila kuna vumbi la mchanga jingi mno, na chuma cha silinda na ringi kinasagika. Akauliza gari linapita barabara ya vumbi?

Nikamwambia dada, hii injini haitembei. Imefungwa kwenye zege.

“Sasa hapo ilipo inavuta hewa ya wapi?”

Nikaangalia. Injini yetu iko kando ya ukuta, na nyuma ya ukuta huo ndiko pumba zinakotemwa. Nikamwambia hapa kuna pumba za mpunga tu.

Akasema, “Dada, ganda la mpunga lina mchanga ndani yake. Ukiona pumba zinavyokwaruza mkono, ndivyo hivyo hivyo zinavyokwaruza silinda. Tafuteni hewa inapoingia bila kupita kwenye filta.”

Mimi nimezaliwa kwenye pumba, na sikuwahi kulijua hilo.

Fundi Deo ndiye aliyepata. Filta ilikuwa safi, tunaipuliza kila siku. Akapitisha mkono chini ya mpira wa hewa unaotoka kwenye filta kwenda kwenye injini, upande usioonekana, akakuta ufa. Ufa ule tuliufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli msimu uliopita, tukausahau. Joto likaulegeza. Akauvua mpira wote, akapitisha kidole ndani, kikatoka na vumbi laini kama unga wa dona. Alikionyesha kile kidole kwa kila aliyepita pale, na hakuna aliyebisha.

Tukanunua mpira mpya mjini na klampu za chuma. Deo akatoboa ukuta wa upande wa pili akasogeza filta ikavute hewa ya huko, mbali na pumba. Tukaweka oili mpya, na Jumamosi iliyofuata hatukumwaga.

Baba Paskali alikuja na kidumu chake. Nikamwambia oili bado ipo kazini. Alininunia hadi wiki ya pili.

Katikati ya mavuno tukapeleka sampuli nyingine. Vumbi limeshuka sana, chuma kimeshuka, oili iko vizuri, endeleeni. Ringi zimelika kiasi, sitawadanganya, bado tunaongeza oili kidogo kidogo. Lakini injini haikufunguliwa. Ilikoboa msimu mzima, kuanzia mpunga wa hapa Kakese hadi wa Magamba.

Mpunga ulipoisha, jumuiya yetu ilisali nyumbani kwetu. Ukafika wakati wa maombi ya kila mtu. Mama akasimama. Akasema anamshukuru Mungu kwa mkwe wake Elias aliyevumilia ubishi wa mama mkwe wake, na kwa Deo aliyekubali kurudisha spana mfukoni. Kisha akasema:

“Na yule binti wa Dar aliyepiga simu. Simjui jina, sura yake sijaiona. Mungu amwone yeye kama alivyotuona sisi.”

Wote wakaitikia.

Ndiyo maana nimeandika. Binti, kama unasoma humu, ni sisi wale wa pumba. Ahsante sana. Wanangu bado wako shule.

Nilichojifunza ni kwamba kumwaga oili mara nyingi siyo kuitunza injini. Rangi haikwambii kitu. Pima, subiri majibu, pima tena uone yanaelekea wapi, ndipo uamue. Kwa injini ndogo gharama ya kupima inaweza kukaribia ya oili yenyewe, kwa hiyo siyo lazima kila mara. Lakini ukiona inakula oili na hujui kwa nini, pima kabla hujaruhusu mtu afungue. Na chupa msioshe jamani.

Wenye mashine za kukoboa, za kusaga, matrekta ya shambani: injini yenu inavutia hewa wapi? Nendeni mkapitishe kidole ndani ya mpira wa hewa, halafu mje hapa mseme kimetoka na nini. Wataalamu nirekebisheni nilipokosea. Karibuni.