Jinsi Mzee Majivu Alivyokufa

Mashudu ya alizeti, makapi ya mbegu zilizokamuliwa, yana harufu nzito ya mafuta na moshi, na ikishaingia kwenye nguo haitoki kwa kufua mara moja. Mama zetu walitukamata kwa harufu hiyo. Banda la video la Kaka Shabani lilikuwa ubavuni mwa mashine ya kukamua alizeti, nje kidogo ya Kiomboi, likitumia jenereta ileile, kwa hiyo mtoto aliyedai ametoka kuchota maji huku gauni lake linanuka mashudu alikuwa amejitaja mwenyewe. Wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, mashine ilinguruma kutwa nzima na Kaka Shabani akalazimika kupaza sauti kuishinda. Filamu zile zilikuwa za lugha ya mbali ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, naye alisimama kando ya runinga na kipaza sauti chake, akitueleza nani kasema nini.

Msimu ninaoukumbuka kuliko yote ni ule wa filamu ya miungu. Nilikuwa darasa la tano. Ilikuwa hadithi ndefu iliyokuja diski baada ya diski, ya nchi yenye milima ya kioo ambako miungu walitawala na kuwaonea watu. Majina yao halisi hatukuyajua. Kaka Shabani aliwabatiza mwenyewe. Mkubwa wao alimwita Mzee Majivu, kwa sababu kila alipouawa aligeuka majivu, kisha upepo ukavuma, majivu yakainuka na kuwa mtu tena. Walimkata, wakamchoma, wakamtupa korongoni. Diski ya tatu ilipoisha wenzake wote walikuwa wamekufa, yeye amebaki peke yake juu ya mlima, na mbele yake amesimama msichana yatima anamtazama. Picha ikaganda hapo. Diski ya nne, Kaka Shabani alisema, ingekuja na basi kutoka Singida, Mungu akipenda.

Haikuja wiki hiyo wala iliyofuata, na sisi tukabaki na swali: Mzee Majivu atakufaje? Tulikuwa watatu: mimi, Hadija binti wa fundi cherehani, na Yoeli wa nyumba ya jirani. Nyumbani hatukuthubutu kuligusa. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na kwa akina Hadija pia maneno ya kumuua mungu, hata wa kwenye runinga, yangekuletea fimbo. Kwa hiyo tulijadili bombani, kwenye foleni ya ndoo, na tulijadili kwa bidii ambayo walimu wetu hawakuwahi kuiona darasani.

Yoeli alisema Mzee Majivu atakufa kwa njaa. Alikumbuka kwamba kwenye diski ya kwanza watu walimpelekea nafaka mlimani. "Wakiacha kumpelekea, anakwisha," alisema. "Mtu hawezi kuinuka kila siku bila kula." Hadija alikataa. Kwake, atauawa na ndugu yake, kaka aliyefichwa ambaye bado hatujaonyeshwa. "Mtu wa nje hajui pa kukupiga," alisema. "Ndugu anajua." Mimi nilishikilia kwamba hafi. Diski zitakuja na kuja, naye atainuka tu. Walinicheka, lakini sikubadili.

Leo nikiyakumbuka maneno yale naona kila mmoja alikuwa anasimulia habari za kwao bila kujua. Baba yake Yoeli alikuwa amekwenda Rungwa kurina asali na hakuwa amerudi, na mvua za mwaka ule zilikuwa haba; kwao walikuwa wanakula mara moja kwa siku. Baba yake Hadija na baba yake mdogo waligombania kiwanja mpaka wakaacha kusalimiana hata sikukuu ya Idi. Na mimi nilikuwa na baba ambaye sikuwahi kumwona akishindwa. Alikuwa fundi mwashi, mrefu, mwenye mikono kama majembe. Akiingia uani, sisi watoto tulisimama. Akisema jambo litakuwa, lilikuwa.

Kisha Mama akaugua tumbo. Alipelekwa hospitali akapasuliwa, na kila mchana nilitumwa kupeleka chupa ya uji. Siku moja nilifika nikakuta Baba ameketi kando ya kitanda. Mama alikuwa amejikunja, midomo imemkauka. Alimshika Baba mkono akamwambia, "Baba Ruthi, niondolee haya maumivu. Niondolee, nakuomba."

Nilisubiri Baba aseme neno lake. Aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena. Halafu akainuka akatoka nje. Nilimfuata na chupa yangu, nikamkuta nyuma ya wodi, kwenye kamba za kuanikia nguo, ameegemeza paji la uso ukutani, analia kwa sauti. Watu walipita. Hakujificha. Nilirudi ndani, nikammiminia Mama uji.

Jioni ile nilikwenda bombani. Wenzangu walikuwa wameshaanza ubishi. Nikawaambia, "Najua anavyokufa."

"Si ulisema hafi?" Yoeli akauliza.

"Anakufa. Anaombwa kitu asichokiweza. Halafu anayemwomba anamwona kwamba hawezi."

Hadija hakuuliza ushahidi uko diski ipi. Alichukua ndoo yangu, akaitanguliza mbele ya yake, akaniwekea maji.

Mama alipona, ingawa polepole. Na aliporudi nyumbani, Baba niliyemjua hakurudi naye. Huyu mwingine aliingia jikoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakoroga uji ukajaa madonge, na Mama akacheka huku ameshikilia mshono. Tuliacha kusimama akiingia uani. Niliogopa mwanzoni, kana kwamba paa limeezuliwa. Baadaye nikagundua kwamba naweza kumwuliza vitu.

Diski ya nne ilikuja mashine ikiwa karibu kufunga msimu. Banda lilijaa. Yule msichana yatima alipanda mlimani, akazungumza kidogo na Mzee Majivu, kisha akachomoa mkuki uliofichwa chini ya ziwa la mlimani, akamchoma. Majivu yakaanguka, upepo ukavuma, hayakuinuka. Watu wakashangilia. Yoeli akageuka akasema, "Hivyo tu?"

Tulimfuata Kaka Shabani nje. "Shikamoo kaka," Hadija alianza, kisha akamweleza nadharia zetu zote, na yangu ya mwisho. Kaka Shabani alikuwa anafuta jasho. "Jamani, mimi natafsiri tu," alisema. Lakini akanigeukia, akaniuliza, "Hiyo umeitoa wapi?"

Kesho yake aliionyesha tena. Msichana alipopanda mlimani, Kaka Shabani akasogeza kipaza sauti karibu na mdomo, akasema, taratibu kuliko kawaida yake, "Hapa anamwambia: mfufue mama yangu. Mzee Majivu anajibu: hilo siliwezi. Basi. Hapo ndipo alipokufa, ndugu zangu. Huu mkuki ni wa kumalizia." Banda zima lilinyamaza, hata waliokuwa wameshaiona jana yake. Ndipo nilipojua kwamba hakuwa anajua lugha ile hata kidogo, na kwamba msimu mzima alikuwa anatutungia. Sikukasirika. Nililia gizani, na Hadija akaniachia bega lake.

Sasa ninaishi Singida mjini, na binti yangu Neema ana umri wa miaka kumi na mitatu. Naye ana miungu yake, ya mchezo wa kwenye simu, na kundi la watu wa nchi nyingi wanaobishana usiku na mchana jinsi miungu hao watakavyoangamizwa. Wana picha, ramani, na majibu ya haraka. Tulichokingoja kiangazi kizima, wao wanakipata kabla chai haijapoa. Majuzi alinisomea jikoni nadharia yake. Miungu wawili walioiumba dunia ile, aliandika, hawauawi na mtu. Wanakwisha siku wanapoacha kuongea.

"Wengi wameipenda," aliniambia. "Ila mmoja anataka ushahidi uko sehemu gani ya mchezo."

Baba yake anafanya kazi Itigi. Tangu Pasaka, mazungumzo yangu na yeye yote yanapitia kwa Neema: mwambie mama, mwambie baba. Katika kundi lile la watu wengi hakuna anayelijua hilo, wala hakuna aliyelazimika kulijua ili aipende nadharia yake.

Nilizima jiko, nikavuta kigoda cha pili, nikamwambia akae, tuongee.