Mama Mkwe Jikoni mwa Ofisi

Ofisi yetu ya Bungoma ilikuwa na kaunta, viti vya plastiki na nidhamu ya kituo cha polisi. Kampuni ya mbegu iliponihamishia Kitale, nilidhani nimekosea mlango. Bosi, mama Mwislamu mzaliwa wa Bungoma mjini, alikuwa amekodi nyumba ya zamani akaijaza makochi, mazulia na mapazia ya maua. Viatu tuliviacha barazani. Saa saba sote, meneja na mfagiaji, tulikula ugali na kunde meza moja. Mimi na ubishi wangu nikasema moyoni, hizi ni mbwembwe tu za kututuliza. Mwezi haukuisha, nikajikuta nacheka kwa sauti kazini. Nilimpenda yule mama, na sioni haya kusema.

Kisha mpishi akaacha kazi, akaletwa mwingine kutoka Chwele. Nilitoka chumbani mwangu mwa kazi na soksi tu, moja kidole gumba nje, nikakutana naye koridoni na sufuria mkononi. Alikuwa mama mkwe wangu! Alijua nafanya kazi Kitale, lakini alipoiona ile nyumba alidhani ameajiriwa nyumbani kwa mtu.

Kwetu Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huchepuka. Kwenye kaunta ya Bungoma ningemsalimia kwa mbali, yakaisha. Lakini hapa palikuwa nyumbani kabisa. Nilirudi chumbani nikatoka kwa dirisha, mtu mzima na tai shingoni.

Siku tatu nilikula mkate kando ya geti. Mama mkwe alikuwa mjane, na hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza tangu amzike mumewe. Ilikuwa lazima mmoja wetu aondoke, na sikutaka awe yeye. Nikaandika barua ya kuacha kazi.

Bosi aliisoma, kisha akatoa drooni karatasi nyingine iliyokunjwa mara nne.

"Huyu wa jikoni ameniletea hii asubuhi," akasema. "Ati anaenda, ndio mkwe wake akule kwa meza kama watu."

Machozi yalinitoka pale pale.

"Si mngeniambia tu?" bosi akasema. " Nani amesema nyumba ni lazima ikuwe na mlango moja?"

Jumamosi hiyo alileta fundi. Jikoni kukapata mlango wake wa nje, na ukutani kidirisha chenye pazia cha kupitishia chakula. Wapo wenzangu ambao siku hizi hula huko na mama mkwe, na kelele zao huzidi zetu.

Sahani yangu hutoka ya mwisho, na imejaa kuliko zote. Naipokea kwa mikono miwili, macho chini, nasema, "Asante, mama."

"Kula, mwanangu," sauti hujibu nyuma ya pazia.

Nimemuoa binti yake miaka tisa. Nyumbani kwake hajawahi kuniita hivyo.