Mitumbwi ya Wasio Mafundi

Mke wangu Jeska hajui kuogelea, lakini leo hapa Mugango, kando ya ziwa, kuna mitumbwi kumi na mmoja iliyotoka kichwani mwake. Nasema hivyo kwa kujisifu, na sioni haya.

Yeye huanza na mfano mdogo, mrefu kama mkono, wa mabaki ya mbao za masanduku. Anauweka kwenye beseni la maji na kuupakia mawe badala ya watu na samaki. Ukilala upande, anaanza upya. Ukitulia, anachora kila ubao kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi za mifuko ya saruji, ili mtu ambaye hajawahi kushika randa ajijengee mtumbwi mwenyewe. Wanzagi, fundi mkuu wa mitumbwi kwenye mwalo wetu, pale wavuvi wanapoegesha vyombo, alikuwa akimcheka. Alisema karatasi haimfanyi mkulima kuwa fundi.

Wa kwanza kuthubutu alikuwa Ngolo, mkulima wa pamba wa Bunda. Alijenga nyumbani kwake, akauleta mtumbwi kwa lori. Siku ya pili majini, maungio yakafumuka na misumari ikachomoza. Wanzagi akatangaza mwalo mzima kwamba mchezo wa Jeska umekwisha. Mimi nilishakunja ngumi.

Jeska aliinama, akavuta pamba kwenye ufa mmoja. Ikatoka, ikatoka, na bado ikawa inatoka. Maungio huzibwa kwa uzi mwembamba tu wa pamba, kisha mbao zikinywa maji huvimba na kubanana zenyewe. Ngolo, ambaye kwake pamba si haba, alikuwa ameshindilia kama anayejaza gunia. Mbao zilipovimba zikakosa pa kwenda.

Ngolo akaanza kuomba radhi. Jeska akamkatiza.

"Kosa ni langu," alisema mbele ya wote. "Nachoraga kila kitu, ila pamba sikuiandika."

Akasokota uzi wa unene unaotakiwa, akaubandika kwenye karatasi. Ngolo akafumua, akapigilia na kuziba upya kwa mikono yake. Safari hii mtumbwi ulikaa majini siku tatu, ndani pakavu. Wanzagi akapapasa kila ungio, halafu akauliza fundi ni nani.

"Mimi," Ngolo akajibu, kifua mbele. Jina la mke wangu hakulitaja.

Damu ilinichemka. Nikamgeukia Jeska, nikamkuta anacheka huku machozi yanamtoka.

"Mwache, Baba Stellah," akaniambia. "Miaka yote nilikuwa nangoja mkulima aseme hivyo."